Aliyenitangulia Milangoni

3 Oktoba

Mvua ya kaskazini imeanza leo, wiki mbili kabla ya wakati wake. Ikishafika hapa Khebue haina haraka ya kuondoka. Nguo zitanuka uvundo hadi mwaka mpya.

Fomu yangu imepokelewa. Mimi, Chien Ya-wen, miaka arobaini na saba, nagombea uenyekiti wa kijiji nilichokikimbia nikiwa na miaka kumi na minane. Mama Mdogo Pao-chu, aliyejiteua mwenyewe kuwa meneja wa kampeni, aliisoma fomu kwa sauti ndani ya saluni yake, wateja wakiwa na povu kichwani.

"Miaka kumi kutengeneza tovuti Taipei. Miaka kumi na mbili kupiga filamu za maisha ya watu. Sasa siasa! Wewe mtoto, kwanza ulichora madirisha kwenye kompyuta, ukaja kuchungulia madirisha ya wenzio, sasa unataka ufunguliwe mlango kabisa."

Saluni nzima ikacheka. Nami nikacheka.

4 Oktoba

Kazi ya zamani haitoki mkononi. Nimetengeneza tovuti ya kampeni kwa siku moja. Ndani yake nimeweka ramani ambayo naiona mimi tu: nyumba mia mbili na kumi na tatu, kila nyumba kisanduku cha kijivu. Nikishaitembelea nyumba, nabonyeza kwenye simu, kisanduku kinageuka kijani. Nywila ninayo mimi peke yangu.

6 Oktoba

Tumeanza kupiga hodi. A-Tong anaendesha kigari cha kampeni. Huyu ndiye aliyekuwa mpiga picha wangu zamani, na bado hutembea bega moja likiwa chini, kama vile kamera ingali pale.

Nyumba ya kwanza, Bibi A-Mien. Miaka themanini na minne, masikio mazima, anacheza karata kwa pesa na anashinda. Alifungua mlango, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Tena?"

"Bibi, ni mimi, Wen, binti wa marehemu Pao-feng. Nimekuja kukusalimia."

"Najua wewe ni Wen. Jana ulinisalimia. Ulikaa kwenye kiti kile, ukanilowanishia sakafu. Leo angalau umejifuta."

Nilimwambia jana nilikuwa mjini, kwenye kiwanda cha kuchapa mabango. Akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Na nywele umekata lini? Jana zilifika hapa." Akajigusa kiuno.

Nywele zangu nimezikata miaka tisa iliyopita. Kwenye kigari nilimwambia A-Tong kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. A-Tong aliwasha vifuta-kioo.

7 Oktoba

Nyumba kumi na moja. Katika nne nimeambiwa, "Umeshakuja."

8 Oktoba

Mvua. Nyumba tisa. Sita.

11 Oktoba

Nataka kuandika hili kwa utulivu.

Watu wa hapa wananijua kwa filamu moja. Miaka kumi na moja iliyopita kimbunga kiliingia na mto ukapanda. Lango la maji la juu lilitakiwa kushushwa. Halikushushwa. Watu watatu wa uchochoro wa chini walikufa. Mimi nilikuwa hapa kwa mama, nikipiga filamu kuhusu mto, kwa hiyo nilikuwa na kila kitu: maji, vilio, matope. Mlinzi wa lango alikuwa mzee Yu Shui-mu, mnywaji anayejulikana. Filamu yangu ilisema alilala akiwa amelewa. Ilipata tuzo. Mwaka uliofuata Yu alikutwa ndani ya mfereji, chini ya lango lake mwenyewe. Hakuna ajuaye kama aliteleza.

Bango langu la kampeni linasema: ALISEMA UKWELI WETU.

Leo nyumbani kwa Mzee Tu Huo-sheng, fundi baiskeli, nilimuuliza huyo aliyekuja jana alivaa nini.

"Unaniuliza ulivaa nini?" Aliweka spana chini. "Koti la mvua la njano. Mfuko umechanika hapa. Wen, una homa?"

Koti lile nililivaa mwaka wa kimbunga. Mama alilichoma moto kwa sababu halikutoka harufu ya matope.

15 Oktoba

Mwenyekiti Kan, mpinzani wangu, miaka ishirini na miwili madarakani, alisimamisha pikipiki karibu nami sokoni. Ni mtu wa vicheko.

"Dada Wen, unaniendea mbio hivyo? Kila ninapofika, umeshapita! Juzi nimekupigia honi darajani, ukanipa mgongo. Haya, siasa ni siasa, lakini salamu ni za Mungu."

Juzi sikufika darajani.

16 Oktoba

Mvua.

24 Oktoba

Leo mjini namba za wagombea zimegawiwa kwa bahati nasibu. Nimepata namba mbili, Kan namba moja. Nilikaa ukumbini kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, simu yangu imezimwa, watu mia wakiniona.

Nilipoiwasha, nyumba kumi na saba zilikuwa zimegeuka kijani.

Zote za mtaa wa hekaluni. Ramani huandika saa. Saa tatu na dakika kumi, nyumba ya kwanza. Saa tatu na ishirini, ya pili. Zimekwenda hivyo moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu na kukaa kidogo. Jina la aliyebonyeza ni langu.

Nimebadilisha nywila. Nimeiandika kwenye karatasi, nikaichoma karatasi kwenye jiko la mama, kisha nikajiona mjinga.

25 Oktoba

Nyumba kumi na tisa zaidi.

29 Oktoba

Nilimwambia A-Tong kila kitu. Aliendesha hadi ufukweni, akazima gari. Mawimbi yalikuwa ya kijivu kama anga. Huwezi kujua moja linaishia wapi.

"Huyo mtu anaiba kitu?"

"Hapana."

"Anaomba kura?"

"Hapana. Watu wanasema anauliza swali."

"Swali gani?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa wiki tatu nimeuliza kuhusu nywele na koti. Sijawahi kuuliza kuhusu swali.

2 Novemba

Nimerudi kwa Bibi A-Mien, bila kizibao cha kampeni. Nilimletea machungwa.

"Bibi, siku ile nilipokuja nimelowa, nilikuuliza nini?"

Akamenya chungwa polepole. "Unanijaribu?"

"Nimesahau, Bibi. Nisaidie."

"Uliniuliza: Siku ya maji, nani alibisha mlangoni kwako?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Nikamuuliza alinijibu nini. Bibi A-Mien, ambaye hucheka hata misibani, hakunitazama.

"Nilikujibu ukweli, kwa sababu uliuliza vizuri. Hukuwa na ile kamera yako. Nilikwambia ni Shui-mu. Saa kumi na moja alfajiri. Alibisha kwa ngumi zote mbili. Alikuwa anapiga kelele kwamba mashine ya lango imekufa, mkono wa chuma umevunjika, tukimbilie shuleni. Nikamchungulia kwenye tundu. Analia, amelowa, anapepesuka. Nikasema, mlevi huyu. Nikarudi kitandani."

"Mbona hukuniambia wakati wa filamu?"

"Wakati wa filamu uliniuliza, 'Bibi, Yu alikuwa mlevi?' Nikajibu ndiyo. Alikuwa mlevi, sikukudanganya." Akanipa kipande cha chungwa. "Halafu watatu wale wamekufa, mwanangu. Nani angetaka kusema kwamba alibishiwa hodi?"

5 Novemba

Siku tatu nimekwenda nyumba kwa nyumba, nikiwaomba watu warudie walichokwisha kuniambia. Mzee Tu: alibishiwa. Mke wa mwalimu: alibishiwa, akazima taa. Muuza samaki: alibishiwa, akamtukana kupitia dirishani. Nyumba thelathini na nne. Alibisha thelathini na nne, na labda zaidi. Hakuna aliyefungua. Kwenye uchochoro wa chini hakufika, maji yalimtangulia.

Wote wananisimulia kwa namna moja, kama watu waliokwisha kuutua mzigo na sasa wanaulizwa ulikuwa na uzito gani. Mke wa mwalimu aliniambia, "Jana ulilia sana. Leo mbona macho makavu?"

8 Novemba

Nimemwona.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua nyepesi, kigari kikiwa upande huu wa daraja. Upande wa pili, koti la njano. Nilijua kwa mwendo; mguu wangu wa kushoto huenda pembeni kidogo, na ule nao ulikwenda pembeni. Nywele zilikuwa zimegandamana mgongoni. A-Tong alimwona pia, kwa sababu mkono wake ulinyanyuka kwenda begani, pale ilipokuwa ikikaa kamera.

Alitembea hadi kwenye mgahawa wa tambi wa Yueh-kuei, binti wa marehemu Yu. Alisimama mbele ya mlango. Aliinua mkono abishe. Akasimama hivyo, mkono hewani, kwa muda ambao ningeweza kuhesabu hadi thelathini.

Kisha akaushusha, akageuka, akapanda njia ya juu, na ukungu ukamfunika.

"Siku ile ulifanya hivyo hivyo," A-Tong alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulipokuja kuhoji familia ya Yu. Ulisimama pale pale. Ukaniambia, twende, tunayo filamu tayari."

Jioni nilifungua ramani. Visanduku mia mbili na kumi na viwili ni vya kijani. Kimoja cha kijivu.

10 Novemba

A-Tong alileta diski za zamani. Saa arobaini na moja za picha. Filamu ilitumia dakika hamsini na mbili.

"Mwaka ule nilikwambia kuna sauti kwenye picha za alfajiri," alisema. "Ukaniambia tuifute, inaharibu mtiririko. Sikuifuta."

Tukaiweka mchana, mapazia wazi. Picha nimeipiga mimi mwenyewe, kutoka dirisha la chumba cha juu cha mama, maji yakipanda barabarani, kazi nzuri kabisa, mkono hautikisiki. Kisha, chini, ngumi kwenye mlango. Sauti ya mwanamume inaita majina yetu. Anamwita mama: Pao-feng! Pao-feng! Hatua za mama zinashuka ngazi.

Kisha sauti ya mwanamke kijana aliye karibu sana na kamera, iliyotulia, yenye kukereka kidogo:

"Mama, usifungue. Ni yule mlevi. Ananiharibia sauti."

Hatua za mama zinasimama. Ngumi zinaendelea kidogo. Zinakwenda nyumba ya pili.

Mkono hautikisiki hata mara moja.

11 Novemba

Sikutoka. Tumesema nina mafua.

12 Novemba

Mama Mdogo Pao-chu ameisikia sauti ile. Alikuwa na kitana mkononi.

"Zimebaki wiki mbili," alisema. "Shinda kwanza. Ukishakuwa mwenyekiti utamjengea hata sanamu."

"Mama Mdogo, watu wamekwisha kuniambia. Wote. Ni mimi tu sijawaambia wao."

"Wameiambia mvua! Mtu akiiambia mvua si ushahidi. Ukisimama jukwaani useme 'hatukufungua', utakuwa umewavua nguo wote siku moja, na mtu aliyevuliwa nguo hampi kura aliyemvua. Na wafu, Wen, wafu hawapigi kura."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Alinipiga begani kwa kitana, si kwa nguvu, kisha akaanza kulia kwa ajili ya dada yake, ambaye alikwenda kaburini bila kuniambia kwamba aliikumbuka alfajiri ile.

15 Novemba

Nimekwenda kwa Yueh-kuei. Peke yangu, kwa miguu, bila mwavuli. Nilibisha.

Ana miaka hamsini na tatu, mikono myekundu kwa mvuke. Watu wa kijiji hawali kwake. Wateja wake ni madereva wanaopita barabara kuu. Aliniangalia maji yakinichuruzika.

Nilimuuliza, kama nilivyozoea sasa, nilikuja lini mara ya mwisho.

"Mara ya mwisho? Hujawahi kuja. Hakuna anayekuja. Miaka kumi na moja, wewe ni wa kwanza kubisha mlango huu."

Nilimweleza yote. Lango, ngumi, nyumba thelathini na nne, sauti yangu. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na mbele. Alikuwa anakata vitunguu vya majani na hakuacha kukata. Nilipoanza kuomba radhi aliinua kisu, akakishikilia hewani.

"Hiyo acha. Radhi nitaipeleka wapi? Kwenye kabati?" Akaendelea kukata. "Mimi niliyajua. Baba alirudi na ngozi ya ngumi imechubuka. Nilimfunga bandeji mimi. Alisema, 'Yueh-kuei, hawakunisikia kwa sababu ya upepo.' Mpaka anakufa alisema ni upepo."

Alisukuma vitunguu kwenye bakuli.

"Una kitu changu," akasema. "Filamu yako ilikuwa chini ya saa moja. Lakini baba aliniambia ulimpiga picha wiki nzima kabla ya kimbunga. Alinyoa ndevu kila siku kwa ajili yako. Hizo nyingine ziko wapi?"

"Ninazo."

"Sina hata picha moja ya baba akisema kitu. Kanisemee kwa watu kwanza, hadharani. Halafu niletee baba yangu."

19 Novemba

Mkutano wa wagombea, uwanja wa hekalu, saa nane mchana. Turubai lilikuwa limejaa maji juu ya vichwa vyetu kama tumbo. Watu mia mbili hivi.

Dakika kumi kila mmoja. Nilitumia nne. Nilisema filamu yangu ilidanganya. Nilisema Yu Shui-mu alijaribu kushusha lango kwa mkono mpaka chuma kikavunjika, kisha akabisha milango yetu. Sikutaja nyumba ya mtu. Nilisema, nyumba yetu alibisha, na haya ndiyo niliyomwambia mama yangu. Nikaweka ile sauti kwenye vipaza sauti vya hekalu.

Ngumi zile, kubwa namna ile, juu ya uwanja mzima. Nikaona watu wakigeuza shingo kutazama nyuma, kila mmoja kuelekea nyumbani kwake.

Sauti ilipokwisha, mtu mmoja aliinuka akaondoka, wakafuata wengine, viti vya plastiki vikikwaruza sakafu. Muuza samaki alitema mate karibu na mguu wangu. Bibi A-Mien alibaki amekaa, karata zake mapajani.

Ikawa zamu ya Mwenyekiti Kan. Nilidhani atanimaliza. Barua tatu za Yu kuhusu mashine mbovu ya lango zilipita mezani kwake mwaka ule, nami nilijua kwa kinywa cha Yu mwenyewe, mbele ya kamera, naye alijua kwamba najua. Alishika kipaza sauti akazungumzia taa za barabarani. Dakika kumi kamili, taa za barabarani. Hakucheka hata mara moja.

20 Novemba

Nimepita nyumba kumi na nne. Zimefunguliwa mbili. Nimewauliza kama kuna aliyekuja jana. Hakuna.

21 Novemba

Mabango yangu yamechanwa, yote, kwa ustadi. Wameacha namba.

23 Novemba

Mvua. Hakuna aliyekuja jana.

26 Novemba

Kura zimehesabiwa shuleni, karatasi moja moja ikiinuliwa na kusomwa kwa sauti, kama desturi. Namba moja, namba moja, namba moja, namba mbili, namba moja. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Kan mia tatu na nne. Mimi sabini na moja.

"Sabini na moja!" Mama Mdogo alisema njiani, akinishika mkono. "Mimi nilitegemea tatu. Mimi, wewe na A-Tong, tena A-Tong simwamini."

27 Novemba

Aliyeshindwa naye hupita kushukuru. Tulizunguka na kigari polepole, nikiinama mbele ya kila mlango, uliofungwa na ulio wazi. Mzee Tu alitoka na baiskeli ya mtu, akainama pia, kidogo, kana kwamba anakagua mnyororo.

3 Desemba

Leo tumempelekea Yueh-kuei baba yake.

A-Tong alifunga skrini ukutani, juu ya friji ya soda. Mgahawa ulikuwa wazi, saa tano asubuhi, dereva mmoja wa lori akinywa mchuzi kwenye kona. Nilimwonya Yueh-kuei kwamba kuna saa sita za Yu, na kwamba nyingi ni za mtu anayepaka grisi chuma.

"Weka."

Yu Shui-mu akatokea. Amenyoa, shati limepigwa pasi, kofia mkononi kama yuko kanisani au mahakamani. Sauti yangu inamwambia awe kama kawaida. Anaivaa kofia. Anaonyesha gia za lango, moja baada ya nyingine, kwa majina aliyozipa mwenyewe. Anasema amewaandikia wakubwa mara tatu kuhusu mashine. Anaimba kidogo, vibaya. Yueh-kuei alikuwa amesimama na sufuria mikononi na hakuiweka chini.

Nje watu walianza kusimama chini ya ukingo wa paa. Sikuwaita. Mke wa mwalimu, Bibi A-Mien, wengine wawili wenye kofia za mvua ambao sikuwatambua. Hawakuingia. Walitazama kupitia kioo chenye mvuke, nyuso zao zikionekana kama zimechorwa kwa kidole.

Saa ya pili, sauti yangu inamuuliza mzee kama amekula.

"Bado," anasema. "Binti yangu ana mgahawa pale chini. Mchoyo wa chumvi, maskini. Mchuzi wake ni kama maji ya mvua. Lakini usimwambie, nakula kila siku." Halafu anatazama kamera moja kwa moja, anaelekeza kidole. "Ukimaliza hapo, njoo. Nitasema wewe ni mgeni wangu."

Dereva wa lori alicheka, akaziba mdomo.

"Rudisha," Yueh-kuei akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha."

Niliirudisha mara saba. Mara ya nane aliweka sufuria jikoni, akachota mchuzi kwa kijiko, akaonja, akakunja uso. Akachukua chumvi, akaongeza. Kisha akafungua mlango na kuwauliza waliosimama mvuani wanataka bakuli ngapi.